Leo Nani Mama?

Mtu akianza kunisifia zamani za Wabelgiji, ati barabara zilifagiliwa na watu walishiba, mimi humuuliza neno moja tu: watu gani? Barabara zilifagiliwa, kweli, mimi mwenyewe nimezifagia. Lakini kushiba ni habari nyingine, na nilikuwapo. Kama una haraka, nenda zako. Kama huna, vuta kigoda ukae nikueleze habari ya Mwanvua, maana nimemkumbuka tangu asubuhi nilipokuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, na nikimkumbuka yeye mikono yangu haifanyi tena kazi.

Wakati huo nilikuwa Kasongo, kwa masera, watawa wa Kizungu, katika masomo ya wasichana waliotaka kuwa waalimu. Mwaka ulikuwa wa hamsini na sita au hamsini na saba, usinibane. Ninakumbuka tu kwamba sketi yangu ya bluu ilikuwa bado mpya na nililala nimeikunja chini ya godoro ili ipate mistari. Baba yangu alikuwa katekista katika kijiji chetu, upande wa Wamaza, ndiyo sababu nilipelekwa masomoni. Wasichana wengine wa kijiji walipelekwa kwa waume. Mwanvua alikuwa mmoja wao.

Nyumba yao na yetu zilitazamana. Wao Waislamu, sisi watu wa misheni, na hilo halikuzuia kitu. Siku ya Idi tulikula kwao, siku ya Noeli walikula kwetu, ila kuku wetu lazima achinjwe na baba yake Mwanvua. Mchezo wetu ulikuwa kujipikilisha. Pale kijitoni palikuwa na udongo mwekundu, laini. Tulifinyanga vyungu vidogo vya ukubwa wa ngumi, tukavianika, tukavichoma katika majivu ya mama, vingine vikapasuka tukagombana ni kosa la nani. Kisha tukapika majani, mchanga, maua ya maboga, chochote. Na kabla ya kuwasha moto wa uwongo, mmoja alikuwa lazima aulize: "Leo nani mama?"

Kila mara Mwanvua alijibu: "Mimi."

Sikumbuki hata siku moja aliyoniachia, ingawa mkubwa nilikuwa mimi. Mimi nilikuwa mtoto, au mgeni, au mume anayekaa barazani akingoja sahani. Nililia, nikasusa, nikaenda kumshtaki kwa mama. Kesho yake niko palepale, mtoto tena. Na kwa kuwa mchezo haunogi bila mtoto mchanga, tuliazima wa jirani. Tulikwenda kwa adabu kabisa, tumenyoosha mikono miwili: "Mama, tuazime mutoto. Tunamurudisha magaribi." Hakuna mama aliyekataa. Jamani, siku zile zilikuwa tamu, na sisi hatukujua.

Mwanvua alipovunja ungo tu, wakamwoza kwa Abedi, kijana mzuri mwenye maneno ya asali. Akazaa mtoto mume, wakamwita Zuberi. Kisha Abedi akaenda kutafuta kazi kwenye madini upande wa Kalima ili apate ya kodi, na Kalima ikammeza. Alituma salamu. Salamu haziliwi.

Sasa sikia jambo lenyewe. Siku moja masera aliyetufundisha habari za afya alichora mtoto ubaoni. Miguu imevimba, tumbo kubwa, uso umenuna, na kwa nywele akachukua chaki nyekundu. Akasema huyu ana bwaki. Jina hilo tulilijua sote. Kijijini walisema bwaki huja mama akibeba mimba nyingine upesi, au baba akitembea nje. Masera akasema hapana, hiyo ni njaa. Mtoto anaweza kujazwa ugali wa muhogo kila siku, tumbo likawa ngoma, na bado anakufa kwa njaa kwa sababu hapati maharagi, wala karanga, wala samaki. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa ninautazama ule mchoro, na niliyemwona ni Zuberi, niliyempakata wakati wa Pasaka nikamsifu ati amenenepa.

Nilitoka nje kabla somo halijaisha. Cécilia akanifuata. Huyu alikuwa binti wa munganga wa dispanseri ya upande wetu, msichana mrefu, mwenye mdomo, anayependa kuamrisha watu, na ndiye rafiki yangu mkubwa pale masomoni. Nikamweleza habari ya Zuberi. Hakunipa hata pole. Alirudi darasani akamuuliza masera mbele ya wote: yale maharagi ya bustani ya masomo, tuliyoyalima kwa mikono yetu, ni ya nani hasa? Masera alicheka, lakini gunia tulilipata. Kisha darasa zima, wasichana wa Kasongo, wa Nyangwe, wa Kabambare, wakakubali kuacha samaki wao wa Ijumaa mpaka masomo yafungwe, ili tuwapelekee watoto. Na samaki wale walikuwa wa Nyangwe, waliokaushwa kwa moshi. Ukivunja mmoja harufu inakwenda mpaka chumba cha kulala. Hata leo nikiisikia harufu ile sokoni, ninawaona wasichana wale mezani, wali mtupu mbele yao, wanacheka. Nimependa watu wengi katika maisha yangu, lakini wale niliwapenda sana.

Kiangazi kilipofika wakafunga masomo, konje kubwa, likizo ndefu ya mwaka. Tulipanda kamio, lori lililokwenda kuchukua pamba, mimi, Cécilia, na Gaston, mtoto wa shangazi yangu, aliyesomea ualimu katika masomo ya wavulana. Tulikaa juu ya magunia matupu, vumbi likatufanya wekundu wote watatu, tukaimba mpaka Kabambare. Toka pale ikawa kwa miguu, mizigo kichwani.

Kwetu kiangazi kilikuwa wakati wa kuchuma pamba, na mtu asiyejua pamba ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, asiniambie kitu juu ya zamani. Kila nyumba ilikatiwa shamba lake la pamba, utake usitake, na kapita, msimamizi wa pamba, akapita kukagua. Kapita wetu aliitwa Ramazani, mtu mwembamba aliyevaa kofia ngumu ya kizungu iliyomzidi kichwa, na yeye alimwogopa Mzungu wa pamba kuliko sisi tulivyomwogopa yeye. Alfajiri aligonga chuma kilichoning'inia kwenye hangari, banda la kupimia pamba, wanawake wakaenda kuchuma, wakarudi jua linazama. Shamba la karanga likaliwa na magugu. La maharagi halikulimwa. Uliobaki ni muhogo, kwa sababu muhogo haudai kuangaliwa. Mchana kijiji kilikuwa cha watoto na kuku.

Mwanvua alinipokea kwa kelele. Aliniita Madamu Anastasie, akanipigia magoti kwa kunichokoza, akashika sketi yangu akaigeuzageuza kutazama mshono. Kisha akaniwekea ugali na sombe. Hakula nami, alisema ameshiba, amekula kabla sijafika. Zuberi alikuwa amekaa mkekani. Hakulia, hakucheza, hakufukuza hata inzi aliyemtembea mdomoni. Nywele zake zilikuwa za rangi ya ile chaki. Nikaanza polepole kusema kwamba tumeleta chakula kidogo kwa watoto, na hapo uso wa Mwanvua ukafunga.

"Mutoto wangu iko na mama yake," akasema. "Kula, tuongee habari ingine."

Sisi, kwa kuwa tulikuwa watu wa masomo, tulifanya kama tulivyozoea masomoni. Kasongo kengele ikilia, unakwenda kula. Basi tukachemsha maharagi na samaki katika sufuria kubwa karibu na hangari. Samaki hana neno, hakuna anayeuliza amechinjwa na nani. Chakula kilipoiva Gaston alishika nyundo akagonga kile chuma cha Ramazani, akagonga kwa furaha, meno yote nje.

We. Chuma kile mchana hakikulia ila kwa kodi, au kuhesabu watu, au sindano. Kufumba na kufumbua kijiji kikawa kitupu. Watoto wakubwa walibeba wadogo wakaingia porini. Wanawake waliokisikia kutoka shambani wakatupa vikapu wakaingia porini vilevile. Mzee mmoja aliyelala na homa siku nyingi alipona saa ileile. Ramazani akaja mbio, kofia imegeuka nyuma mbele, akiuliza Bwana yuko wapi. Alitukuta tumesimama watatu na sufuria yetu inafuka moshi. Maharagi yale yaliliwa na kuku.

Jioni tulitukanwa vizuri sana. Mama mmoja aliuliza kama masera anatufundisha kuita watoto wa watu kama mbuzi. Na chini ya matusi palikuwa na jambo lenyewe, nalo mama yangu ndiye aliyenifungua macho. Alisema mtoto akila katika chungu cha mwingine, mchana kweupe, watu wanatazama, ni kutangaza kwamba mama yake hana kitu jikoni. Aibu hiyo hakuna mwanamke atakayeibeba. Afadhali afunge mlango, wale muhogo wao ndani.

Ramazani naye alitutaka faragha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tukipenda, yeye atawaleta watoto. Atawaambia wamama ni amri ya Bwana, asiyeleta mtoto atalipa faini. Cécilia akasema vizuri sana, tena kesho. Mtoto akishakula, akasema, hakumbuki nani alimleta. Nilikasirika. Nilimwambia kama Zuberi ataletwa kwa faini, gunia lile heri nilitupe majini, maana Mwanvua hatanisemesha tena mpaka anaingia kaburini.

"Na Zuberi akikufa?" Cécilia akaniuliza.

 Niliondoka nikaenda kijitoni, nikalia. Na pale nikakuta wasichana wadogo wamechuchumaa katika udongo uleule wetu, na vyungu vidogo vilevile, na majani, na moto wa uwongo. Mmoja akauliza, "Leo nani mama?" Mwenziwe mwenye makamasi akajibu, "Mimi," kabla wengine hawajafungua kinywa. Nilianza kucheka na machozi yakiwa bado usoni. Wakanitazama, wakasogea mbali kidogo.

Kesho yake hatukugonga kitu. Tulikwenda kijitoni, tukakaa chini na wale wasichana, tukawaomba watukubali mchezoni. Sheria ilikuwa ileile ya zamani: hakuna mgeni wa bure. Kila mmoja analeta kitu, hata kama ni jani la mboga ya lengalenga, kijiti cha kuni, tone la mawese katika kipande cha kibuyu. Ukileta, umepika. Ukipika, unakula. Wao wakaleta majani, sisi tukaleta maharagi na samaki, na moto safari hii ukawa wa kweli. Gaston tulimfanya mume. Alikaa juu ya jiwe akingoja chakula, na watoto wakamnyima mpaka wote washibe. Walifurahia hilo kuliko chakula chenyewe.

Wamama waliopita na vikapu waliona watoto wanacheza. Watoto wakicheza, nani ataona aibu? Walijua, usidhani hawakujua. Mmoja alisimama akatazama sufuria, akatutazama mimi na Cécilia na sketi zetu, akasema wasichana wakubwa namna hii bado wanacheza, akaenda zake. Kesho yake binti yake alikuja na konzi ya karanga, na zilikuwa karanga za mbegu. Siku baada ya siku kijito kikajaa watoto.

Lakini Zuberi hakuja. Wengine waliletwa na dada zao; yeye hakuwa na dada. Mwanvua alimfunga mgongoni akaenda naye kwenye pamba, jua linamwakia kichwani, na akipita kijitoni hakugeuza uso. Mchezo ule aliujua kuliko mimi. Mimi usiku sikupata usingizi, nilikuwa ninahesabu tu ni siku ngapi mtoto kama yule anaweza kungoja.

Basi nikamfuata shambani. Sikusema kitu. Nilishika mstari wa jirani na wake, nikachuma pamba, na maganda yakanichana vidole kwa sababu masomo yalikuwa yamenilainisha mikono. Akanicheka. Tukaongea habari za Abedi, habari za masera, kama ni kweli wamenyoa nywele chini ya kile kitambaa. Zuberi mgongoni kichwa kilimlalia upande. Nilipoona Mwanvua amecheka vya kutosha, nilinyoosha mikono yote miwili, kama zamani.

"Mama, tuazime mutoto," nikasema. "Tunamurudisha magaribi."

 Alikuwa na pamba mkononi, akaibonyeza, akaibonyeza. Nilifikiri atanipiga. Kuomba asingeomba, na kupewa asingekubali, hilo nililijua; lakini hapo mwombaji nilikuwa mimi, na kwetu mama hanyimi mtoto wa kuchezea. Mwisho akafungua kitambaa.

"Musimuchafue," akasema.

Siku ya kwanza Zuberi alitema kila kitu. Ya pili vilevile. Nilitafuna karanga, nikaziponda na maharagi na mchuzi wa samaki, nikamlisha kwa kidole. Cécilia, huyohuyo wa faini, alimpakata kutwa, akamwimbia nyimbo za Kifaransa, na mtoto hakumjali. Kila magaribi tulimrudisha ameoshwa. Mwanvua alimpokea, akamgeuza kumkagua kama mtu aliyeazimisha sahani ya kigeni. Hakuuliza amekula nini, na mimi sikusema. Nilipomuuliza yeye kama amekula, alisema ndiyo, zamani.

Kisha siku moja mtoto mmoja akamnyang'anya Zuberi ganda la karanga, na Zuberi akalia. Akalia kwa hasira, kinywa wazi, akamrukia yule mwenziwe akampiga. Tulipiga vigelegele kijito kizima. Yule aliyepigwa akabaki ameduwaa. Nilimnyakua Zuberi akiwa bado anapiga kelele nikakimbia naye mpaka shambani ili mama yake asikie kabla hajanyamaza. Mwanvua alisimama katikati ya pamba akasikiliza kilio kile. Kisha akafunika uso kwa mikono yake miwili. Leo Zuberi ni mzee mwenye mvi, anauza vitambaa Kasongo, na soko zima linaomba anyamaze kidogo. Mimi nikimsikia ninafurahi tu.

Konje ikawa inakwisha. Miguu ya Zuberi ilipungua uvimbe, watoto wengine nao wakaanza kuwa na kelele. Gunia letu lilikuwa karibu tupu, lakini wamama walikwisha kupanda maharagi kwenye unyevu wa kijito, na Ramazani akipita pale aliishusha kofia machoni asione.

Siku ya mwisho, mchana, sufuria iko motoni, nilimwona Mwanvua anashuka kwa njia ya shamba. Hakuwa na kikapu. Alishika kitu kidogo kwa mikono miwili. Alipokaribia nikakijua: kilikuwa chungu cha ukubwa wa ngumi, cheusi upande mmoja, ukingo umepinda. Ukingo ule niliupinda mimi, kwa kidole changu, na yeye alinicheka mpaka akaanguka. Alikuwa amekitunza. Alikwenda nacho mpaka kwa mumewe. Ndani yake palikuwa na jani moja la lengalenga.

 Cécilia alidhani amemfuata Zuberi, akamnyooshea, Mwanvua hakumpokea. Alikaa chini mbele yangu, akaweka chungu chake karibu na moto. Na hapo ndipo nilipomtazama. Mitulinga imesimama, mikono ni mifupa, na miguu, mama yangu, miguu imevimba kama ile ya ubaoni. Kiangazi kizima nilikuwa ninatazama mgongoni kwake. Kila aliponiambia ameshiba, niliamini.

Cécilia akaniinamia sikioni akasema chakula hiki ni cha watoto, na kimebaki kidogo. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu kwa umri, na ni mdogo wake yeye pia.

Yule msichana mwenye makamasi hakuelewa kitu katika hayo yote. Yeye alijua sheria tu. Akauliza:

"Leo nani mama?"

Nilingoja. Jibu nililijua tangu utoto wangu. Mwanvua aliniangalia, macho yamejaa maji, akasema kwa sauti ndogo:

"Leo mama ni Anastasie. Leo mimi ni mutoto."

Nikampakulia, yeye kabla ya wote. Alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza alininyooshea tena kile chungu, na mimi nikamwongeza.